Banda la farasi tunalijenga kwa ajili yetu

Wanaoniuliza kuhusu ufugaji wa farasi huanza karibu kila mara na banda: liwe na ukubwa gani, lisakafiwe kwa kitu gani, mlango uelekee wapi. Ni maswali ya haki, na baadhi nitayajibu, ila naamini kwamba banda hutufaa sisi kuliko linavyomfaa farasi, na kwamba sehemu kubwa ya matunzo ya kila siku, iwe ni majira ya jua au ya mvua, ni kumrudishia kile ambacho kuta zimemnyima: hewa safi, mwendo, malisho ya saa nyingi na wenzake.

Farasi wa kilo 450 hadi 500 anahitaji chumba cha takriban mita 3.6 kwa 3.6, ili ageuke na kulala bila kukwama ukutani. Kulala nakusudia kujilaza, kwani ingawa husinzia wima kwa sababu viungo vya miguu yake vinaweza kujifunga bila kumchosha, usingizi mzito haumjii sawasawa mpaka alale chini, na farasi aliyetandikiwa maranda machache juu ya saruji hukesha. Matandiko hayo yasafishwe kila siku, na atakayetaka kujua kama yamesafishwa vizuri achuchumae hadi kimo cha kichwa cha farasi aliyelala, avute pumzi. Harufu kali inayowasha macho ni amonia itokanayo na mkojo, nayo huumiza mapafu ya mnyama muda mrefu kabla ya sisi tuliosimama mlangoni kuihisi.

Chakula ndicho kinachonishughulisha zaidi. Tumbo la farasi ni dogo kwa umbo lake, huchukua lita 8 hadi 15 tu, na hutoa asidi mfululizo hata asipokula. Kwa hiyo farasi anayepewa milo miwili mikubwa ya nafaka kisha akaachwa na hori tupu usiku kucha yumo katika hatari ya vidonda vya tumbo. Msingi wa chakula chake ni nyasi, kilo 8 hadi 10 za nyasi kavu kwa siku, zigawanywe mara nyingi kadiri iwezekanavyo, na badiliko lolote la chakula lifanywe polepole kwa siku 7 hadi 10. Farasi hawezi kutapika, hivyo kosa la hori laweza kuishia kwenye msokoto wa tumbo. Anayechimba ardhi kwa ukwato, anayegeuka kutazama ubavu wake, anayegaagaa au aliyeacha kunya, aitiwe daktari wa mifugo mara moja. Mfugaji na ajue vipimo vya farasi wake akiwa mzima: joto la nyuzi 37.5 hadi 38.5, na mapigo ya moyo 28 hadi 44 kwa dakika akiwa ametulia.

Wakati wa joto kali, maji ndiyo ya kwanza. Lita 25 za siku ya kawaida zaweza kuzidi mara mbili, na jiwe la chumvi lisikosekane. Magharibi hadi alfajiri ni saa za visubi, wadudu wadogo wanaoeneza, katika maeneo yenye ugonjwa huo, ule ugonjwa wa farasi wa Afrika unaoua wengi wa wanaoupata. Huo ni wakati mmoja ambao nakiri banda lenye wavu lina faida ya kweli.

Wakati wa baridi, watu wengi hufunga madirisha, jambo ambalo silikubali. Farasi mkavu, mwenye manyoya yake na nyasi za kutosha, hujipasha joto kwa uchachukaji wa nyasi hizo ndani ya utumbo mpana, lakini hawezi kujitengenezea hewa. Kinachomdhuru zaidi ni maji yaliyoganda au baridi mno, kwa kuwa hunywa kidogo na utumbo huziba.

Mvua ina shughuli zake. Kwato zinazoshinda kwenye tope na samadi huoza katika mifereji iliyo kando ya ile nyama ngumu ya pembetatu katikati ya wayo, na harufu mbaya hutangulia kilema. Basi zikwanguliwe kila siku, na fundi wa kwato azipunguze kila baada ya wiki 6 hadi 8, hata kama farasi havai viatu. Nyasi changa zinazofuata mvua huvutia macho, ila zina sukari nyingi, na farasi mnene akiachiwa kuzila atakavyo aweza kupata uvimbe ndani ya kwato, maumivu ambayo humfanya aegemee nyuma ili kuipumzisha miguu ya mbele. Wa namna hiyo nampa nyasi kavu kwanza, kisha namfungulia malisho kwa muda mfupi asubuhi na mapema, akiwa na mwenzake.