Siku Moja Maishani Mwangu: Nafundisha Siasa, Sigombei

Saa kumi na moja alfajiri nimeshaamka. Chai, watoto, pasi, na kabla ya saa kumi na mbili na nusu niko kituoni Mbezi nagombania daladala. Konda ananifahamu. "Mama, ubunge lini?" Nimefundisha sayansi ya siasa miaka 19, kutoka mkufunzi msaidizi hadi profesa mshiriki, sijawahi kushika kadi ya chama chochote, na swali hilo haliishi. Shemeji zangu nao huuliza.

Saa mbili, mhadhara. Mwaka wa pili, zaidi ya 300, wengine wamekaa kwenye ngazi. Leo ni Tume ya Nyalali, mada niipendayo kuliko zote. Mwaka 1991 Jaji Mkuu Francis Nyalali aliongoza tume iliyowauliza wananchi, Bara na Visiwani: chama kimoja au vingi? Takribani asilimia 80 wakataka kimoja. Tume ikapendekeza vingi, na mwaka 1992 sheria ikabadilishwa. Nawauliza: je, wengi walipuuzwa, au wachache walilindwa? Kijana wa ngazini anasema hata hao wachache ni wananchi. Binti wa mbele anamgeukia: basi tuliulizwa ya nini? Ukumbi mzima unalipuka, na mimi nanyamaza kwa makusudi. Kwa saa ile sisikii joto wala njaa.

Kikao cha idara, barua mbili za kuwadhamini wanafunzi, wali maharage.

Saa nane na nusu akabisha hodi kijana mmoja na karatasi ya jaribio. Alama 7 kati ya 20. "Shikamoo Prof." Marahaba. Hakukaa. "Prof, umenifelisha kwa sababu ya chama changu."

Chama chake nilikijua pale aliponitajia. Karatasi nasahihisha kwa namba za usajili, sioni jina. Nilimweleza, akatikisa kichwa. Nikamwambia vuta kiti, tusome wote. Swali lilitaka sababu za ndani na za nje za kurejea kwa vyama vingi, kisha apime ipi ilikuwa na uzito zaidi. Yeye aliandika kurasa nne za hotuba, nzuri ya jukwaani. Kuanguka kwa Ukuta wa Berlin mwaka 1989 kumo, mstari mmoja. Hapo nilimpa alama 2. Shinikizo la wafadhili, hakuna. Hali mbaya ya uchumi wa miaka ya 1980, hakuna. Mwalimu Nyerere kusema mwaka 1990 kwamba kujadili vyama vingi si dhambi, hakuna. Kila nilipoonyesha pengo alisema, "Lakini nilimaanisha hivyo." Nikajibu kila mara, nionyeshe ulipoandika. Nje ya mlango foleni ya wenzake ikawa inapungua mmoja mmoja, na hilo ndilo lililoniuma, maana wao pia walikuwa na shida zao.

Akasema atakwenda kwa mkuu wa idara. Nikamwambia ni haki yake, nikamwandikia utaratibu: mhadhiri mwingine atasahihisha upya bila kuona alama zangu. Nikamwazima na kitabu. Alikichukua bila kuniangalia. Ilikuwa inakaribia saa kumi na mbili.

Foleni barabarani. Sura ya tatu ya tasnifu ya mtu nikaisoma kwenye simu, nimesimama, mkono mmoja juu. Nyumbani watoto wameshakula. Jirani akaniita ukutani: "Profesa, safari hii nani anachukua?" Nikamjibu sijui, na kweli sijui, kazi yangu kumfundisha mtu ajiulize amejuaje anachodai kukijua. Hakuridhika.

Karatasi zilizobaki zilikuwa 60. Nilisahihisha hadi mgongo ukakataa, nyumba kimya, saa sikuitazama tena. Kabla ya kulala niliitoa ya yule kijana, maana kesho inakwenda kwa msahihishaji mwingine. Nikaisoma tangu mstari wa kwanza, polepole, kama ya mtu nisiyewahi kukutana naye, nikajumlisha upya.

Saba.