Siku moja na madini ya damu: maabara na chumba cha kamera ya tumbo

Saa 12:30 asubuhi. Wagonjwa wa kamera ya tumbo wameshakaa kwenye benchi, hawajala tangu jana usiku. Hilo linanifaa sana, maana zinki ya kwenye damu hushuka mtu akishakula.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Damu tena? Si nimekuja kumezeshwa mpira?"

Namweleza kwamba daktari ataangalia ukuta wa tumbo, mimi naangalia madini: zinki, shaba na chuma. Ananyoosha mkono.

Natumia tyubu za kifuniko cha bluu iliyokolea pekee. Vizibo vya mpira vya tyubu za kawaida huachia zinki, na glavu zenye poda vilevile. Navuta damu taratibu, kwa kuwa zinki nyingi imo ndani ya chembe nyekundu. Zikipasuka, mwenye upungufu anaonekana mzima. Maji ya juu ya sampuli yakiwa mekundu baada ya kuzungushwa kwenye mashine, naitupa, hata kama mtu katoka mbali. Inaniuma, lakini jibu la uongo litamuumiza yeye zaidi.

Saa 3. Daktari anakata vinyama vitano: viwili sehemu ya chini ya tumbo, kimoja kwenye kona, viwili sehemu ya juu. Mabadiliko yanayoelekea saratani hayaenei sawasawa. Ukikata mahali pamoja tu, unaweza kuyakosa. Huanza na uvimbe sugu (ukuta kuvimba na kuwaka, si donge), tezi zinasinyaa, ukuta wa tumbo unageuka kufanana na wa utumbo, seli zinavurugika, kisha saratani. Ni safari ya miaka mingi, na wengi hawafiki mwisho wake. Mwanzilishi mkuu ni bakteria Helicobacter pylori, aliyetangazwa rasmi kuwa kisababishi cha saratani mwaka 1994.

Saa 5. Mashine ya kupima madini kwa mwanga. Mwali wa asetilini, taa ya zinki, nanomita 213.9, ndio urefu wa wimbi la mwanga ambalo zinki hufyonza. Kazi ya kimya mpaka chakula cha mchana.

Saa 8:30 mchana. Kijana wa mafunzo anasoma majedwali: "Dada, wenye tumbo bovu zinki iko chini. Si tuwape zinki tu?"

Swali hili nalipenda, na jibu lake watu wengi hawalitaki. Mwili ukiwa na uvimbe, zinki ya damu hushuka na shaba hupanda. Tumbo ambalo tezi zake zimesinyaa hutoa asidi kidogo, na chuma cha mboga na nafaka hakifyonzwi vizuri. Kwa hiyo damu inaweza kuwa inaeleza ugonjwa uliokwishaanza, si chanzo chake. Namtajia Linxian, China, ambako watu karibu 30,000 walipewa virutubisho kuanzia 1986. Waliopata madini ya seleniamu pamoja na beta-karotini na vitamini E, vifo vya saratani ya tumbo vilipungua kwa asilimia 21. Zinki pamoja na vitamini A haikuonyesha faida hiyo. Tena wale walikuwa watu wenye lishe duni. Anayenunua vidonge dukani huku bakteria hajatibiwa anapoteza fedha na muda.

Saa 10 jioni. Jibu la mzee mmoja wa kliniki ya kawaida: chuma chini sana, choo hakina minyoo wala damu. Ameandikiwa vidonge vya chuma miezi mingi. Nampigia daktari wake, namwomba asiishie hapo. Amekubali: kipimo cha bakteria kesho, kamera wiki ijayo.