Nilimsomea Baba Namba

Desemba 2025, kama wiki moja kabla ya Krismasi, nilipanda basi Mombasa nikashuka Voi kumsalimu baba. Mtoto wa jicho alikuwa amelifunika kabisa jicho lake la kulia, na kwa la kushoto alikuwa akiona ukungu tu. Tulikuwa tunangoja upasuaji, na tarehe ilikuwa imeahirishwa mara mbili. Runinga hakuitaka tena. Alisema kuwasikia watu wakishangilia kitu asichokiona kunamchosha.

Nilikuwa nachambua mchicha uani nilipoona habari kwenye simu. Nikaingia na sinia mkononi.

“Baba, leo kuna Mkenya anarusha vishale London. Pale Alexandra Palace, kwenye ubingwa wa dunia wa darts.”

Alikuwa amelala kwenye kochi. Akakaa.

“Mkenya gani?”

“David Munyua. Wanasema ni daktari wa mifugo.”

“Daktari wa ng'ombe?”

“Ndiye. Hakuna Mkenya aliyewahi kufika pale kabla yake.”

“Na amepangiwa nani?”

“Mike De Decker, Mbelgiji.”

Baba akapuliza pumzi taratibu. “Huyo si ndiye aliyebeba World Grand Prix mwaka jana? Alimfunga Humphries fainali. Haya. Kaa hapa, mama, unisomee.”

Baba ananiita mama kwa sababu nina jina la mama yake. Alipolitaja namna ile nilijua mchicha utangoja.

Ili mnielewe lazima nirudi nyuma kidogo. Baba alitengeneza breki za mabehewa ya reli kwa zaidi ya miaka ishirini, na Jumamosi jioni alikuwa mtu wa vishale. Klabuni palikuwa na ubao mmoja chini ya taa moja, na mstari wa rangi nyeupe sakafuni, mita 2.37 kutoka ubaoni, ambao baba aliupima mwenyewe kwa futi ya kazini kwa sababu hakuuamini wa mwanzo. Nilikuwa na miaka minane aliponipandisha juu ya kreti ya soda, akanipa chaki. Kila mchezaji anaanza na 501. Anarusha vishale vitatu, mimi natoa, naandika kilichobaki. Wazee wengine walinung'unika kuwa mtoto atawapotezea alama. Baba akawaambia wamkague. Walinikagua msimu mzima, na hesabu ya kutoa sikuwahi kushindwa darasani tangu mwaka ule.

Watu wengi hudhani vishale ni shabaha tu. Shabaha ni nusu. Lazima ufike sifuri kamili, na kishale cha mwisho lazima kiingie kwenye dabo, ile pete nyembamba ya ukingoni inayohesabu namba mara mbili. Kwa hiyo mchezaji mzuri anaanza kuipanga dabo yake mapema, wakati bado ana mia na kitu. Ukibakiwa na 141, njia mojawapo ni trebo ya 20 (trebo ni pete ya ndani zaidi, inayohesabu mara tatu), trebo ya 19, dabo ya 12. Baba aliniimbisha njia hizi tukirudi nyumbani gizani. Aliyoipenda kupita zote ilikuwa 32. Ukilenga dabo ya 16 kishale kikaikosa pete kwa upande wa ndani, kikaingia 16 ya kawaida, umebakiwa na 16, unakwenda dabo ya 8. Ukikosea vilevile, 8, kisha 4, kisha 2. Kila kosa linakuachia mlango. “Ishirini haina huruma,” alikuwa akisema. Kulia kwake ipo 1, kushoto ipo 5. Mkono ukitetemeka kidogo tu, sitini yako imekuwa moja.

Sasa huyu daktari alikuwa anakwenda kusimama mbele ya ubao wa aina ileile. Mashindano yale yalikuwa na wachezaji 128, na bingwa alikuwa anasubiriwa na pauni milioni moja. Kuna wale wakubwa, ambao vishale ndiyo kazi yao, wanarusha wiki baada ya wiki mbele ya maelfu ya watu. Halafu kuna waliofuzu kutoka kanda za dunia, wengi wao wana kazi nyingine, wanafanya mazoezi usiku. Kwenye ratiba majina yao husomwa harakaharaka, kama watu waliokuja kukamilisha idadi. Hilo limeniudhi tangu nilipokuwa juu ya kreti, maana nimeona mafundi wa breki wakirusha vishale vya kuliza watu.

Picha haikupatikana. Mtandao wa pale nyumbani ni wa kubembeleza, ukitaka ushike lazima usimame mlangoni upande wa mwarobaini. Nilichopata ni ukurasa wa namba tu, nani amebakiwa na ngapi, ana legi ngapi, yaani michezo ya 501 aliyoshinda, na seti ngapi, yaani mafungu ya legi. Nikasimama mlangoni nikisoma kwa sauti, na baba amefumba macho. Kila nilipotaja kilichobaki, yeye alitaja njia. Mara nyingine namba iliyofuata ikamwonyesha kwamba kule London mtu amechagua njia nyingine, akaguna, “Eeh, amepita huko.” Alikuwa anaiona mechi kuliko mimi niliyekuwa na macho.

Duru ya kwanza anayefika seti tatu ndiye anayepita. Mbelgiji akachukua ya kwanza. Akachukua ya pili.

Niliposema “mbili kwa sifuri” sauti yangu ilishuka, nikatamani nimdanganye baba kwamba mtandao umekatika. Nilifikiria tarehe ile ya hospitali, nikaona si siku ya kumwongezea huzuni.

“Usinisomee kwa sauti ya msiba,” akasema. “Jukwaa lile ni geni kwake. Mkono ukishalizoea utarudi. Soma.”

Nikasoma. Seti ya tatu ikaenda kwa Munyua. Majirani wawili waliokuwa wakipita wakaingia kuuliza kuna nini, wakaketi. Ya nne ikaenda kwa Munyua. Mbili kwa mbili. Baba alikuwa ameshika magoti yake kwa mikono yote miwili, na vidole vya mkono wa kulia, kidole gumba na viwili vya mbele, vilikuwa vimebana hewa kama vimeshika kishale.

Katikati ya seti ya mwisho ukurasa ukaganda. Nikatoka mpaka kwenye mwarobaini, nikainua simu juu, nikarudi, nikaizima data nikaiwasha. Hakuna aliyesema neno. Iliporudi niliona 3–2, na kwa kufadhaika sikujua tatu ni ya nani. Nikasoma majina kwa kidole, kama mtoto anayejifunza silabi. Kisha nikasoma mara ya pili.

“Daktari ameshinda, baba. Tatu kwa mbili.”

Majirani walipiga kelele hadi mbuzi wakashtuka zizini. Baba hakupiga kelele. Machozi yalimtoka kwenye macho yote mawili, lililofunikwa na lenye ukungu, naye akayaacha.

Halafu akauliza, “Amefunga kwa dabo gani?”

Ukurasa haukusema. Nikamwambia haukusema.

“Tafuta.”

Nilitafuta, mtandao ukanikatalia. Baba akatikisa kichwa, akanyoosha mkono kuelekea kabati.

“Droo ya chini kuna kopo la kahawa. Lilete.”

Ndani mlikuwa na vishale vyake vitatu vya shaba, mabawa yamepauka na moja limechanika. Akapitisha kidole gumba kwenye ncha ya kila kimoja, taratibu, mara mbili mbili.

“Viwili vimekuwa butu,” akasema. “Nipe tupa.”