Mkono wa mjomba kwenye kana

Mwaka 2009, katika maabara ya chuo Nairobi, tulikabidhiwa seti ya Lego Mindstorms NXT: tofali lenye kompyuta ndani, betri sita, mota tatu na kihisi cha mwanga. Tulitakiwa kuunda kigari kitakachofuata ukingo wa utepe mweusi juu ya karatasi nyeupe bila kuguswa na mtu.

Kihisi kilisoma 58 kwenye karatasi na 32 kwenye utepe, kwa hiyo tukalenga 45, katikati ya hizo mbili, ndipo ukingoni. Mwanzo tulikiambia kigari tu: ikizidi pinda huku, ikipungua pinda kule. Kikaenda kwa kuyumbayumba njia nzima. Tukabadilisha, kikawa kinapinda kwa kadiri kilivyopotea, tofauti na 45 ikizidishwa kwa 2. Paliponyooka kilitulia vizuri sana. Penye kona kikatoka nje. Tukazidisha kwa 5: kona kiliishika, ila kilipoimaliza kikaanza kutikisa kichwa, kushoto, kulia, kila mtikiso mkubwa kuliko uliotangulia, mpaka kikajizungusha na kutazama kilikotoka.

Siku mbili nilihangaika na namba hizo. Jioni ya pili nikampigia simu mjomba, Lamu, ambaye maisha yake yote ni mashua. Nikamuuliza: ukigeuza chombo, wajuaje wakati wa kuacha?

"Ukingoja omo ifike, mwanangu, umechelewa. Tazama inavyokuja. Ikija mbio, rudisha kana mapema."

Omo ni sehemu ya mbele ya chombo; kana ni mpini wa usukani. Mkono wake juu ya kana niliuona tangu utotoni, ukilegea kabla mashua haijamaliza kugeuka. Na darasani nilikuwa nimeshaunakili: ndiyo herufi D ya PID, kanuni ya kuongoza mitambo kwa kupima kosa, yaani tofauti kati ya kinachotakiwa na kilichopo. D ndiyo inayopima kasi ya kosa, si ukubwa wake. Baadaye nilisoma kwamba Nicolas Minorsky, mhandisi mzaliwa wa Urusi, naye aliwatazama washika usukani wa meli kabla ya kuchapisha hesabu zake mwaka 1922. Nilifurahi kama niliyemkuta ndugu ugenini.

Usiku huohuo niliongeza hesabu moja kwenye programu: kosa la sasa, toa kosa lililopita. Kigari kikaingia kona, kikapinda, na kabla hakijarudi kwenye ukingo magurudumu yakaanza kunyooka yenyewe. Nilikaa chini sakafuni, shavu karibu na karatasi, nikikitazama kikizunguka mpaka betri zikaisha.