Kidole yangu haikunikatalaka

Alisema bila hasira, na ndiyo maana neno lenyewe halinitoki kichwani. Ilikuwa Jumatano jioni, darasa letu la watu wazima wanaojifunza kusoma na kuandika limekwisha, wenzake wameshashuka ngazi, mama huyu anafunga beseni lake kwa kipande cha kitenge. "Mwalimu, kidole yangu haikunikatalaka hata siku moja." Alisema dole gumba, lile alilokuwa akilitia wino kabla ya kuwa na sahihi. Nikanyamaza. Akaongeza, kama mtu anayetaka kunipunguzia mzigo: "Si kitu. Niko naenda."

Wiki imekuwa na mengi. Jumatatu, tarehe 8 Septemba, tuliadhimisha Siku ya Kimataifa ya Kusoma na Kuandika kwa hotuba, vitambaa na picha, na Jumamosi mahari ya mdogo wangu ilipokelewa Kabare. Najua dada zangu wanasubiri habari za ng'ombe. Zitakuja. Leo siwezi kuandika kingine kabla sijaliandika hili.

Mama mwenyewe mnamjua. Ni yule muuza samaki wa Kadutu, hapa Bukavu, niliyemwandika mwezi wa pili, aliyedhani ana kichwa kigumu kumbe ni macho: ubaoni alisoma, kitabuni hakuona kitu, alikisukuma kitabu mpaka mkono ukanyooka wote. Miwani ya sokoni ya +2,00 ikamaliza kesi. (Nasema tena kwa wanaoanza kufundisha: mtu aliyepita miaka arobaini akisogeza karatasi mbali, usimwongezee mazoezi, mtafutie miwani.)

Mwezi wa tano nilimwambia aende kwenye dirisha anakoweka akiba yake, abadilishe karatasi: mahali palipokuwa na dole gumba aweke sahihi yake. Alirudi anang'aa. Sasa Jumanne hii alikwenda kuchukua dola 120 za minervali, yaani karo ya shule, ya binti yake. Akatia sahihi. Kijana wa dirishani akaangalia kadi ya akiba yenye sahihi ya Mei, akaangalia karatasi, akasema hazifanani. Akampa karatasi nyingine. Haikufanana na kadi, wala haikufanana na ile ya kwanza. Ya tatu aliiandika mkono ukitetemeka, foleni ikiguna nyuma yake. Akarudishwa mikono mitupu. Kijana yule alifuata kanuni yake, sina neno naye. Kosa ni langu, tena ni kosa la ufundi, na makosa ya ufundi yanaandikika.

Mkono wa mtu mzima anayejifunza kuandika hautulii. Mwezi wa kwanza wa darasa anachora. Kila herufi inasimama peke yake, kubwa, na kalamu inainuliwa baada ya kila mstari. Herufi C ina kona kama nyumba. Anakandamiza mpaka karatasi inatoboka, kwa sababu vidole vilivyozoea kisu cha samaki na mpini wa jembe vinashika biki kama kitu kinachotaka kutoroka. Ndiyo maana tunaanza ubaoni kwa chaki, bega lizunguke kabla ya vidole, halafu penseli, halafu biki iliyozungushiwa ukanda wa chemba, mpira wa ndani wa tairi ya pikipiki, mizunguko mitatu, inenepe na vidole vilegee. Chini ya karatasi tunaweka nyingine mbili. Kufika mwezi wa nne herufi zinaanza kushikana mikono. Mwezi wa saba zimepungua ukubwa, zimeegemea kulia, na mwandishi ameanza kwenda mbio. Huo ndio ushindi tunaoutafuta. Na ndio ulioharibu sahihi yake. Kielelezo alichoacha Mei kilikuwa cha mkono ambao haupo tena. Kadiri alivyofanya vizuri darasani, ndivyo alivyozidi kuachana na yule mama wa kwenye kadi.

Maandishi hutakiwa yasomeke, hata yakibadilika. Sahihi hutakiwa isibadilike, hata isiposomeka. Ni kazi mbili, na sisi wafundishaji wengi tunazifundisha kama moja. Tunatoa jina kama zawadi ya wiki za mwanzo, watu wanapiga makofi, na mwanafunzi anaondoka akiamini ana sahihi. Hana. Ana jina.

Basi inavyotakiwa ni hivi. Kwanza jina lenyewe linakiliwa kutoka kwenye kadi ya mpiga kura, ambayo kwetu ndiyo kitambulisho, herufi kwa herufi, si kwa sikio. Majina ya Kishi, lugha ya Washi wa huku kwetu, yanatutesa hapa: Cibalonza, Chibalonza na Tshibalonza mdomoni ni jina moja, dirishani ni watu watatu. Karatasi ya ubatizo inaweza kusema hivi na kadi ikasema vile. Atakayeulizwa ni wa kwenye kadi ya mpiga kura.

Halafu lifupishwe. Herufi moja ya kwanza na jina moja, basi. Jina refu lina mahali pengi pa kuteleza. Mwache mwenyewe achague mkia anaoupenda mkono wake, maana mkia aliolazimishwa atausahau siku ya haraka.

Kisha majaribio, na hapa ndipo nilipofanya haraka Mei. Karatasi isiyo na mistari, sahihi kumi, tarehe juu, mwalimu anaikunja na kuiweka. Wiki inayofuata kumi nyingine bila kuangalia zile za kwanza. Karatasi mbili zinawekwa moja juu ya nyingine kwenye kioo cha dirisha, mwanga unapita, na mwanafunzi anajionea mwenyewe. Tunatazama sahihi inaanzia wapi, kalamu inainuliwa mara ngapi, inaegemea upande gani, na mkia unaishia wapi. Ukubwa si neno sana. Kalamu kuinuliwa ndiyo msaliti mkubwa: leo mara nne, kesho mara mbili, na umbo lote linageuka. Wiki tatu mfululizo zikikubaliana, ndipo aende akaache kielelezo. Zisipokubaliana, kidole kibaki pale pale na hakuna aibu yoyote. Hata zikikubaliana, auliziwe kama karatasi inaweza kubeba vyote viwili, kidole na sahihi, kwa mwaka wa kwanza.

Na awe amefanya mazoezi akiwa amesimama! Darasani amekaa, meza iko usawa wa kiwiko, kuna utulivu. Dirishani kaunta inamfika kifuani, biki imefungwa kwa kamba fupi inayovuta upande mmoja, nafasi ya kutia sahihi ni kisanduku kidogo, na mtu anampumulia shingoni. Kiwiko hakina pa kukaa, kwa hiyo kazi ya kifundo inafanywa na bega, na sahihi inatoka kubwa na imepinda. Hili halihitaji pesa. Alhamisi nimepandisha meza moja juu ya nyingine, nimefunga biki kwa kamba ya sentimita 30, nimechora visanduku vya sentimita 2 kwa 6. Kazi ya dakika kumi. Miaka yote hii, dakika kumi.

Lakini neno lake linarudi. "Kidole yangu haikunikatalaka." Nimelijibu mara ishirini, kwenye teksi, kitandani, hata pale Kabare wazee wakihesabu ng'ombe. Jibu la kwanza lilikuwa hili: kidole hakikataliwi, Mama, kwa sababu hakuna anayekiangalia. Wanaangalia picha, wanaangalia shahidi, lile doa la wino hakuna anayelilinganisha na kitu. Ndiyo maana kinakubaliwa hata chini ya karatasi ambayo mwenye kidole hakusomewa. Viwanja vya wajane vimeondoka hivyo. Sahihi inakataliwa kwa sababu inatazamwa, na kutazamwa ni kuhesabiwa kuwa mtu anayejua anachotia. Maneno ya kweli. Nani angemwambia hivyo mama aliyetoka kusimama nusu siku na kurudi bila dola hata moja?

Jibu la pili lilikuwa la vitabuni, na nalilipa nafasi kwa sababu limenisaidia mimi, si yeye. Ufaransa, kati ya 1877 na 1879, mkuu wa elimu mstaafu Louis Maggiolo aliwatuma maelfu ya walimu wa shule kuhesabu sahihi kwenye vitabu vya ndoa vya zamani. Miaka ya 1686 hadi 1690, wake 14 katika kila 100 waliweza kutia sahihi siku ya ndoa yao. Karne moja baadaye, 1786 hadi 1790, walikuwa 27. Wanahistoria bado wanatumia hesabu ile, na bado wanabishana: aliyetia sahihi alijua kusoma, au alijua kuchora jina tu? UNESCO ilipotoa mwaka 1958 maana ya mtu anayejua kusoma na kuandika, haikutaja sahihi kabisa. Ilisema ni mtu anayeweza kusoma na kuandika, kwa kuelewa, maelezo mafupi na rahisi ya maisha yake ya kila siku. Kwa kuelewa. Nilipomsukuma mama yule abadilishe karatasi Mei, nilikuwa nahesabu kama Maggiolo.

Jibu la tatu lilikuja usiku wa Alhamisi na lilikuwa fupi: "Mama, nisamehe, mimi ndiye niliyekutuma mapema." Hilo ndilo nililotakiwa kusema pale pale, beseni likiwa bado chini.

Na lile "niko naenda" lilinitisha kuliko lote. Watu wazima hawasemi wameacha darasa. Wanasema soko lilichelewa, mtoto ana homa, mvua. Siku ya tatu huwaoni tena, na aliyewafukuza ni aibu moja ndogo ambayo mwalimu hakuiona. Ijumaa saa tisa nilifundisha nikitazama mlango.

Alikuja saa tisa na nusu. Ana harufu ya sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, ana miwani kifuani kwa uzi, na mkononi ana kile kikaratasi alichopewa dirishani. Akakiweka mezani, akaweka kidole chini ya maneno matatu, akaanza kusoma.

Lazima nieleze kidogo ili muone alichokifanya. Darasa letu lilianza na neno "samaki". Si "sambaza", ingawa ndiyo wanayoiuza, kwa sababu "mba" mwanzoni ni mlima. Samaki inatoa familia tatu: sa se si so su, ma me mi mo mu, ka ke ki ko ku. Ndiyo njia ya Paulo Freire, aliyekata neno la wajenzi wa Brazil, tijolo, yaani tofali, vipande vipande namna hiyo. Kutoka familia hizo tatu wanajitungia wenyewe soko, kisu, kesi, sumu, makosa, na siku moja mtu anaona kwamba "kusoma" yenyewe imo ndani ya samaki. Kwa Kiswahili njia hii inakwenda vizuri, maana karibu kila silabi inaishia na irabu. Lakini vikaratasi vya mjini vimeandikwa Kifaransa, na Kifaransa kinaandika herufi ambazo hakizitamki. Tunawafundisha maneno machache ya dirishani kama picha: nom (jina), date (tarehe), montant (kiasi), solde (salio), retrait (kutoa pesa), signature (sahihi). Mengine bado.

Akasoma: "Signature." Hili alilijua. "No-ni." Akatulia. "Ko-ni... fo... foru-me." Alitia irabu kila mahali palipokosa, kama Kiswahili kilivyomfundisha. Signature non conforme. Hakuna aliyemfundisha neno lile la mwisho. Alikaa nalo usiku mzima, peke yake, kwa taa ya simu.

"Ya mwisho ndiyo nini?"

"Maana yake haifanani na ile ya kwenye kadi, Mama."

Akaangalia kikaratasi tena, akatikisa kichwa kukubali. "Basi ni kweli. Haifanani."

Ndipo nikamwomba msamaha. Akaupokea kwa mkono tu, hivi, kama anavyofukuza nzi kwenye samaki, akaomba karatasi isiyo na mistari. Akasimama kwenye meza niliyoipandisha juu ya meza. Sahihi kumi. Ya nne na ya saba aliinua kalamu mara tatu, zilizobaki mara mbili. Aliziona mwenyewe kabla sijasema, akazizungushia duara. Karatasi ninayo hapa, imekunjwa, ina tarehe. Wiki ijayo nyingine, wiki ya tatu nyingine. Minervali imelipwa nusu, kwa sababu mwenzake wa likelemba, mchango wa fedha wa kupokezana, amempisha zamu, na mkuu wa shule amekubali kungoja nusu iliyobaki.

Nimekaa kuandika haya tangu saa moja jioni. Upepo umeanza kutoka ziwani, mabati ya jirani yanapiga. Mama watoto ameondoka asubuhi kwa boti la kisiwa cha Idjwi kwenda kumzika shangazi yake, na mpaka sasa simu yake haipatikani. Yule ni mtu wa kupiga simu akishashuka tu. Jana usiku nilimkumbusha achukue jile yetu ya njano ya kuelea majini, ile tuliyonunua baada ya ajali, kwa sababu za botini hazitoshi watu. Nimeinuka sasa hivi kufunga dirisha, nimeiona. Imetundikwa nyuma ya mlango.