Siku wakija kuchukua chipu yao

Nimekesha tena nasoma habari za hizi chipu za ubongo, na kinachonikera ni kwamba ukizitaja tu swali la kwanza ni lilelile, eti zitasoma mawazo yetu? Jamani. Mcheki Casey Harrell wa Marekani, ana ALS, ugonjwa unaoua taratibu neva zinazoendesha misuli, maneno yake yalikuwa hayaeleweki tena, mwaka 2023 madaktari wa chuo kikuu cha UC Davis, California, wakampandikizia elektrodi 256, yaani visindano vidogo vya kunasa umeme, upande wa kushoto wa ubongo, sehemu inayoamrisha mdomo na ulimi visogee. Sasa yeye anajitahidi kutamka neno, misuli haitii, ila seli za ubongo zinatoa umeme wake mdogo kama kawaida, kompyuta inaudaka, inakisia alitaka kutoa mlio gani, neno linatokea kwenye skrini halafu linasomwa kwa sauti iliyotengenezwa kutokana na rekodi zake za kabla hajaugua. Maneno kama 97 kwa kila 100 yanatoka sawa. Ilivyokubali mara ya kwanza alilia, familia nayo ikalia, na mimi sio mtu wa kulialia ila hapo nilisimamisha video kwanza.

Kinachoninyima usingizi ni siku mradi wa utafiti wa chipu kama hizi unapofungwa. Ian Burkhart alivunjika shingo akipiga mbizi, 2014 akapandikiziwa chipu huko Ohio, ishara zinatoka kichwani zinapita kwenye kompyuta mpaka kwenye mkanda wa elektrodi aliovishwa mkononi, yaani uti wa mgongo ulioharibika unarukwa kabisa, na vidole vikashika tena, akamimina chupa, akacheza gemu la gitaa. Maabara tu lakini, akirudi nyumbani mkono umelala vilevile. 2021 ikatolewa kwa sababu ya maambukizi, maana plagi ya kuunganisha chipu na kompyuta ni chuma kimefungwa kwa skrubu kwenye fuvu na kinatokeza nje ya ngozi, hapo bakteria wana mlango wazi muda wote.

Na kuna mama mmoja Australia, mwenye kifafa, yeye kifaa chake kilikuwa kinamtahadharisha kabla degedege halijaja, akaanza kutoka nje bila woga, kampuni ikaishiwa hela, akaambiwa kitolewe. Alikataa. Alikuwa tayari hata kuweka nyumba rehani akinunue, haikusaidia, kikatolewa akabaki analia kama aliyefiwa.

Fomu za ridhaa zinaeleza sana hatari za upasuaji, sawa, ila betri ya mwaka wa 6 nani analipia, na programu ikigoma na ofisi imeshafungwa unampigia nani? Burkhart sasa hivi ana umoja wa watu waliowahi kuwekewa hivi vifaa, wanakaa na watengenezaji wanawaambia maisha yanakuwaje ukiwa nacho kichwani. Ingekuwa mimi ndo napanga, hao wangeanza kuongea kabla ya mwenye hisa yeyote hajafungua mdomo.