Peintiboli na kaptura haviendani, jamani

Jumamosi tulicheza peintiboli, ule mchezo wa timu kupigana kwa bunduki za risasi za rangi, na wenzangu wa kazini hapa Nairobi, na kuna mmoja alikuja na kaptura. Leo anachechemea ofisini kama mzee wa baridi yabisi. Ile risasi ni kidonge cha jelatini chenye rangi ndani, milimita 17 hivi, lakini huweza kutoka kwa kasi ya karibu mita 90 kwa sekunde. Ikikupata paja likiwa wazi, utaikumbuka. Vaa suruali ndefu, sweta juu ya fulana, glavu, na viatu visivyoteleza. Rangi yenyewe hutoka kwa maji.

Barakoa haina mjadala. Ikiingia ukungu usiivue uwanjani hata kidogo. Inua mkono, toka nje, uifute huko.

Mbinu? Wageni hujibanza nyuma ya pipa na kuchungulia kwa juu, wanapigwa kichwa palepale. Piga goti, chungulia kwa ubavuni, na usitokee upande uleule tena. Mwenzako akimimina risasi, huo ndio wakati wako wa kusonga. Halafu semeni adui yuko wapi! Wale wahasibu walitushinda kwa kupayuka tu, wala hawana shabaha.